Unga Juu ya Motere

Tone la kwanza lilidondoka kwenye saruji ya uwanja wa teritware, ofisi ya serikali pale Kasongo, wakati Bwana Ajenti bado anasoma karatasi za kamiyo. Placide, mwenye lori hilo, aliliona tone. Alisogeza mguu wake wa kulia taratibu, kama mtu anayebadilisha tu namna ya kusimama, akalifunika kwa soli ya kiatu. Lakini la pili likaanguka kando, na la tatu likafuata, na saruji ile ilikuwa imesuguliwa na wafungwa alfajiri hiyo hiyo, nyeupe kama sahani ya padri.

Ajenti yule Mzungu akainua macho. Alikuwa kijana, pua yake imebabuka kwa jua.

"Hii ni nini?"

"Mafuta kidogo, Bwana. Motere ni muzee."

"Futa."

Placide alitazama huku na huku akitafuta kitambaa. Hakikuwapo. Wafungwa waliokuwa wanapita na ndoo za maji walipunguza mwendo ili waone. Basi akavua koti lake, lile la buluu alilofungia ndoa, akapiga magoti, akafuta. Mafuta hayakutoka, yalizidi kuenea. Ajenti alingoja mpaka doa likawa pana kama ungo, ndipo akasema inatosha.

"Siku kumi," akasema. "Siku ya kumi unarudisha kamiyo hapa. Ikitoa tone moja, hakuna ruhusa ya kubeba watu wala mali. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo majani ya porini yanachomwa na moshi wake unakaa angani siku nzima, hata jua linaonekana kama yai la kuku ndani ya maziwa. Placide aliendesha kurudi nyumbani katika weupe ule. Watu wa barabarani walitokea mbele yake bila miguu, wakapita, wakayeyuka. Kwa muda mfupi ilimjia kwamba hata yale magoti aliyoyapiga hayakuwa yake.

*

Mke wake, Sidonie, alilipokea koti mlangoni. Hakuuliza. Alilinusa, akaligeuza upande wa ndani, akalinusa tena. Miaka minane alikuwa amefua na kupiga pasi nguo za Mapadri, na mikono yake ilijua divai, nta, kutu ya misumari na damu ya mtu anayekohoa. Doa kwake lilikuwa kama uso wa mtu anayefahamika.

"Haya ni mafuta ya motere," akasema. "Lakini hapa kwenye mukono iko mengine. Mazito, yananuka yai bovu."

"Ya sanduku la gia. Yale ni kidogo, hayana neno. Fua tu, Mama Anastasie."

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Anastasie, binti yao wa miaka mitatu, akaja kumpanda mgongoni, naye akamwacha apande.

Placide alikuwa ameendesha gari la misheni miaka tisa. Majuma sita yaliyopita aliacha kazi ile, akarudisha na nyumba ya matofali iliyoambatana nayo, akanunua kamiyo hii kwa Mreno mmoja mfanyabiashara wa Kabambare aliyekuwa anahama. Sasa walikuwa wanakaa vyumba viwili vya udongo, na kila walichokuwa nacho kilisimama uani juu ya magurudumu manne, rangi yake ya kijani imefifia kama jani lililokaa ndani ya kitabu. Placide aliipenda. Alikuwa akiota barabara: Kasongo hadi Wamaza, Wamaza hadi Kabambare, mchele na mawese nyuma, akina mama wakiimba juu ya magunia, na hakuna mtu wa kumwambia saa ya kuondoka.

Siku ile ya kununua, motere ilikuwa inang'aa. Mreno aliifungua kifuniko kwa fahari na chuma chote kilikuwa safi, hakina hata vumbi. Sidonie alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Alijiuliza kwa nini mtu anayehama aioshe motere na asioshe viti, lakini wanaume walikuwa wameshapeana mikono.

*

Kesho yake Gaston alikuja. Alikuwa fundi wa garaje ya kampuni moja ya pamba, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na alikuja kwa hisani, kama alivyosema mara tatu. Alitandika gazeti, akalala chali chini ya kamiyo, akatoka akijipangusa.

"Inavujia nyuma, pale motere inapoungana na sanduku la gia," akasema. "Ni kizibo cha nyuma cha vilbrekeni."

"Una hakika?"

"Ndugu Placide, mimi nimesoma Bukavu. Vilbrekeni njo ile chuma kubwa inazungushwa na pistoni. Kizibo chake kikiisha, ni kutoa motere nzima. Unaagiza kizibo, unangoja. Miezi miwili, mitatu."

"Iko siku tisa."

Gaston akavuta pumzi kwa meno. "Basi uzisha. Iko watu wanataka chuma."

Sidonie alikuwa anachochea makaa ya pasi karibu nao. "Baba Gaston," akasema kwa adabu, "uliangalia na juu?"

Gaston akamgeukia Placide. "Mafuta yanaanguka chini, hayaruki juu. Mwambie shemeji."

Wanaume wakacheka, Placide naye akacheka, kwa sababu Gaston hakuwa amedai malipo. Sidonie akaipuliza pasi, majivu yakaruka.

Siku tatu zilizofuata Placide aliishi chini ya kamiyo. Alikaza kila bolti aliyoifikia. Aliingiza kijiti cha kupimia mafuta asubuhi na jioni, akakitoa, akakitazama juani kama mtu anayesoma barua ya ndugu mgonjwa. Mafuta yalikuwa yanapungua. Alimwomba Sidonie asimame nyuma aangalie moshi. Sidonie akasema si wa buluu, ni mweupe kidogo, unaondoka haraka. Hilo lilimpa moyo, maana moshi wa buluu ungesema kwamba mafuta yanaungua ndani na pistoni zimekwisha. Lakini kila alipozima, matone yaliendelea kwenye vumbi, tup, kisha kimya kirefu, kisha tup, mpaka yakaingia katika mazungumzo yao ya chakula, mmoja akinyamaza ili lipite ndipo aendelee.

Sidonie alichukua shuka kuukuu jeupe, akalitandika chini ya motere jioni. Asubuhi akalivuta, akalianika kwenye kamba. Hapo palikuwa na doa la kahawia karibu na gia, dogo, limekauka ukingoni. Palikuwa na duara jingine, la maji tu. Na palikuwa na doa jeusi refu lenye mkia, lililoanza kwa matone madogo upande wa mbele, likawa pana nyuma.

"Tazama huu mukia," akamwambia mumewe. "Kitu hiki hakitoki pale kinapoangukia. Kinatembea kwanza. Ni kama divai ya padri: inaonekana kwenye pindo, lakini imemwagika kifuani."

"Motere si kanzu, Mama Anastasie."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Lakini Sidonie alilikunja shuka pande nne, akaliweka ndani.

*

Siku ya tano Placide alivaa koti lake, lililobaki na kivuli cha doa mkononi, akaenda misheni kuomba kazi yake ya zamani.

Alikaa kwenye benchi la nje tangu misa hadi saa ya chakula. Padri alipotoka alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba shofere mwingine ameshapatikana, lakini mtu wa kukata majani ya kaburini bado anatafutwa. Afikirie, arudi Jumatatu. Placide akasema asante. Akarudi kwa miguu, kupitia njia ya nyuma ya mashamba, kwa sababu kwenye njia kubwa angesalimiwa.

Kutoka mbali aliona watu kwenye ua wake. Walikuwa wanacheka. Jirani mmoja alipomwona akaita: "Placide, kamiyo yako inakula bugali?"

Kifuniko cha motere kilikuwa wazi. Sidonie alikuwa ameiosha motere yote kwa majivu na sabuni ya Mapadri, pembe kwa pembe, kwa brashi ya kola. Akaikausha kwa vitambaa. Sasa alikuwa amesimama juu ya kinu, chekeche mkononi, akinyunyiza unga wa muhogo juu ya chuma. Ulishuka mwepesi, polepole, ukatulia juu ya kila kitu, hata kope zake zilikuwa nyeupe. Motere ilikuwa kama nyumba za kijiji zilizoonwa kutoka mlimani asubuhi ya ukungu.

Placide alisimama. Hasira ilimpanda, kisha ikakosa nguvu. Aliliona tena akilini benchi la misheni. Aliona majani ya kaburini.

"Unamwaga chakula," akasema.

"Vikombe viwili." Sidonie akashuka. "Washa. Usisogeze, washa tu."

"Watu wanatuangalia."

"Wako wanaangalia tangu asubuhi. Washa, Baba Anastasie."

Akapanda, akawasha. Motere ikatetemeka, unga kidogo ukaruka na kutua tena. Sidonie akainama karibu, mikono nyuma, kama anavyoinamia nguo bila kuigusa. Placide akashuka akainama upande wa pili. Majirani walicheka kwa muda, kisha wakachoka kucheka, wakabaki wamesimama. Muda ukapita bila kitu chochote ila mngurumo na joto na harufu ya muhogo unaoanza kuiva.

Kisha, juu kabisa, chini ya ukingo wa kifuniko cha valvu, upande wa nyuma ambako jicho la mtu mzima halifiki bila kujipinda, unga ukaingia giza. Kwanza ilikuwa nukta. Nukta ikapata mguu. Mguu ukashuka taratibu ubavuni mwa motere, ukakwepa bolti, ukajificha nyuma, ukatokea chini pale pale Gaston alipopaonyesha, ukaning'inia. Tup.

Chini, kwenye kizibo cha vilbrekeni, unga ulikuwa mweupe, mkavu.

Placide aliufuata ule mstari mweusi kwa kidole hewani, kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini. Anastasie, aliyekuwa amekaa kwenye mlango wa nyumba, alikuwa anajilamba unga mkononi.

*

Walifungua kifuniko cha valvu siku hiyo hiyo. Utepe wa kuziba uliokuwa chini yake ulikuwa umekauka, ukavunjika kama mkate wa zamani. Hakukuwa na mwingine Kasongo nzima. Sidonie akakibonyeza kile kifuniko juu ya unga uliobaki, kikaacha umbo lake, na kwa umbo hilo akakata utepe mpya kutoka ngozi ya mkoba wa baiskeli. Wakaulowesha kwenye mafuta kutwa nzima, wakaufunga. Placide alikaza bolti, Sidonie akimwambia aanze katikati, aende kidogo kidogo kila upande, kama anavyobana nguo isijikunje.

Siku ya saba waliwasha. Saa nzima ikapita, pakavu. Placide akacheka peke yake. Akamwinua Anastasie akamkalisha kwenye usukani, wakaenda Kabambare na kurudi bila kutoka uani.

Siku ya nane asubuhi kulikuwa na doa chini.

Mvujo sasa ulitokea pande mbili: ukingo wa ngozi mpya, na mahali pengine ambapo palikuwa pakavu jana. Placide alitazama, akaingia ndani, akalala akiwa amegeukia ukuta.

Mchana huo alikuja Bulaimu, mfanyabiashara wa mchele wa Wamaza, Mwislamu wa kanzu fupi na kofia ya kufumwa kwa mkono, aliyekuwa amepanda baiskeli siku mbili. Alisimama mlangoni.

"Salamu alekumu, Mama. Ndugu yangu iko?"

"Alekumu salamu, Baba Bulaimu. Iko, lakini amelala. Karibu ukae."

Bulaimu akakaa. Akaitazama kamiyo yenye madoa ya unga. Alikuwa mtu wa haya, na neno alilokuja nalo lilimpa shida. "Mchele wangu uko chini ya mabati," akasema hatimaye. "Gunia arobaini. Mvua za kwanza ziko karibu. Nilimwambia Placide nitamngoja, na mimi napenda kumngoja. Lakini iko kamiyo ya Mugiriki inapita Jumamosi."

Kutoka ndani, sauti ya Placide ikasema: "Umupe Mugiriki, Bulaimu. Mimi nimekwisha."

Sidonie alirudi jikoni kumpikia mgeni. Aliweka maji ya bugali motoni, akafunika sufuria kwa kifuniko chake na juu yake akaweka jiwe, maana kifuniko kilikuwa kimepinda. Akakaa kwenye kibao akitazama moto bila kuuona. Mawazo yake yalikuwa yanaelea tu, yanaenda kwenye ngozi, kwenye bolti, kwenye yule mstari mweusi. Maji yakachemka. Yakatafuta njia chini ya kifuniko, yakabubujika ukingoni upande huu, yakamwagika upande ule. Alinyoosha mkono akasogeza kifuniko kidogo. Mvuke ukatoka, na maji yakatulia yenyewe.

Alikaa hivyo, mkono hewani.

Kisha akainuka akaacha sufuria, akaenda uani, akasimama mbele ya motere. "Baba Bulaimu," akaita, "unajua kuwasha?"

"Mimi? Mimi najua baiskeli."

"Baba Anastasie. Kuja uwashe. Mara moja tu, ukitaka urudi kulala."

Placide alitoka, macho mekundu. Aliwasha bila kuuliza. Sidonie akashika kizibo cha mahali pa kumwagia mafuta, akakizungusha. Kabla hakijatoka kabisa kilimponyoka mkononi. Pumzi ya moto ilipuliza, ikimrushia matone usoni, ikaendelea kupuliza, puf, puf, puf, kama mtu aliyezibwa mdomo na sasa ameachiliwa. Akatazama ukingo wa ngozi. Tone lililokuwa linaning'inia pale halikupata mwenzake.

"Inakosa pua," akasema. "Pumzi yote inabaki ndani. Inasukuma mafuta popote inapoona nafasi. Ukiziba hapa, itatokea pale. Waliiwekea wapi pua yake?"

Placide alikuwa amesimama wima. Usingizi ulikuwa umemtoka. Akaenda ubavuni, akaingiza mkono chini, akagusa bomba la chuma linaloshuka kutoka kwenye motere na kuishia wazi chini. Miaka yote tisa ya uendeshaji alikuwa ameliona kwenye magari, na hakuwahi kulifikiria. Akaingiza kidole. Kidole hakikupita.

Alilifungua. Wakalichokonoa kwa waya. Kilichotoka kilikuwa udongo, mkavu, mgumu, umejengwa vyumba vyumba: nyumba ya nyigu. Kamiyo ilikuwa imelala kwenye banda la Mreno masika yote, na nyigu alikuwa amepata mahali pazuri pa kulea watoto wake. Bulaimu alikipokea kipande kimoja kiganjani, akakigeuza.

"Huyu mudogo," akasema polepole, "karibu ale mchele wangu wote."

Sidonie alicheka, mafuta yakimtiririka shavuni, na Placide akacheka, na harufu ya sufuria inayoungua ikawafikia kutoka jikoni wakati tayari imechelewa.

*

Siku ya kumi Ajenti alitandika gazeti chini ya kamiyo kwa mkono wake mwenyewe. Alimwita Gaston kutoka garaje ya pamba, ili awepo mtu anayejua. Motere iliwashwa. Ajenti akavuta sigara ya kwanza hadi mwisho, akavuta ya pili. Gaston alilala chini, akatoka, akalala tena. Gazeti lilibaki na maandishi yake tu.

Sidonie alikuwa nje ya ua wa miti, Anastasie mgongoni, pamoja na wanawake waliokuja na kesi za kodi. Kutoka pale aliweza kusikia kila kitu.

"Kizibo cha vilbrekeni umekipata wapi?" Gaston akauliza.

"Haikuwa vilbrekeni," Placide akasema. "Ilikuwa bomba la pumzi. Lilizibwa."

Ajenti aligeuka, akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Nani alijua hivyo? Nani alitengeneza?"

Placide alimwona mke wake kati ya miti miwili ya ua. Aliona pia uso wa Gaston, na wafungwa wale wale na ndoo zao, na pale kwenye saruji kivuli cha doa ambacho hakikuwa kimetoka.

"Mimi, Bwana," akasema.

"Vizuri. Mnaanza kujifunza." Na muhuri ukapigwa kwenye karatasi.

Alipotoka na karatasi mkononi, Sidonie alimpongeza kwa sauti ya kawaida, akamwambia chakula kiko tayari. Njiani aliongea juu ya kuni na juu ya jino la Anastasie. Placide alikuwa akingoja kitu kingine, na hakikuja, wala jioni, wala walipoamka.

*

Safari ya kwanza ilikuwa kesho yake, kwenda Wamaza kuchukua mchele. Bulaimu alikuwa amefunga baiskeli yake juu. Abiria kumi na mmoja walipanda na kuku na vifurushi. Sidonie naye alikuwa anakwenda, kumwonyesha mama yake mjukuu. Placide alimfungulia mlango wa mbele.

"Nafasi yako iko hapa."

"Muwekee Baba Bulaimu. Yeye njo mwenye mchele." Akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia matupu, akamkalisha mtoto mapajani.

Waliondoka katika ukungu wa moshi. Barabara ilikuwa nyekundu, na pande zote mbili majani yaliyoungua yalikuwa meusi, na hapa na pale chipukizi la kijani limetokea mapema mno. Akina mama walianza wimbo wa Kizimba, wakauacha, wakasinzia. Sidonie alikuwa anasikiliza motere chini ya mbao. Alikuwa anaisikia jinsi mtu anavyosikia moyo wa mwingine akilaza sikio juu yake, bila kutaka. Kabla ya mlima alisikia kilio chembamba, kinakuja na kupotea. Alimfunika mtoto kichwa kwa kitenge. Akanyamaza.

Nusu ya mlima, mvuke ulifuka kutoka mbele. Kamiyo ikasimama. Placide akashuka akainua kifuniko cha motere, na wanaume watatu wakaruka chini wakamzunguka.

"Ni mafuta tena?" mmoja akauliza. "Walisema inavuja, hii."

"Shofere, si ulisema ulitengeneza?"

Placide alitazama ndani ya mvuke. Angeweza kushika ufunguo na kukaza kitu chochote, wangemngoja. Aliifuta mikono kwenye suruali. Kisha akazunguka kamiyo, akasimama nyuma, chini ya mahali alipokaa mke wake, na ilimbidi ainue uso ili amwone.

"Mama Anastasie. Shuka, unisaidie."

Sidonie hakuondoka mahali pake.

"Motere hii," Placide akasema, na sauti yake ilikuwa ya kufikia watu wote, "huyu mama njo aliiponya. Alitafuta mahali inapovujia, akapaona. Alitafuta na sababu, akaipata. Mimi nilishika ufunguo tu. Pale kwa Ajenti nilisema ni mimi. Nilisema uongo."

Kuku alilia ndani ya kikapu. Abiria walitazama chini, wengine walimtazama Sidonie.

"Ungesema jana," akasema Sidonie.

"Ndiyo. Ningesema jana."

"Nilikuwa pale."

"Nilikuona."

Kisha akampa jirani yake Anastasie, akashuka akishika mkono wa Placide kwa sababu pale palikuwa juu. Akaenda mbele. Mwanaume mmoja alikuwa anashika kizibo cha maji kwa kitambaa. Sidonie akamwambia aache, kitamuunguza, kwanza ipoe. Akaomba watu wanyamaze, wakanyamaza. Akangoja mvuke upungue. Akagusa mkanda wa feni kwa kidole kimoja, mkanda ukalegea chini kama kamba ya kuanikia.

"Si mafuta," akasema. "Mukanda unateleza, feni haizunguki vizuri, maji yanachemka. Nimeisikia ikilia tangu chini ya mulima."

"Na hukusema?" akauliza yule wa kitambaa.

"Sikusema."

Placide akaegemeza mwili wake wote kwenye dinamo ili mkanda ukazike, na Sidonie akakaza bolti kwa mkono wake mwenyewe. Wakaongeza maji baada ya muda. Wakati wa kupanda, Bulaimu alikuwa ameshahamia nyuma bila kuombwa, amekaa juu ya magunia, Anastasie akimchezea kofia.

Sidonie alipanda mbele. Kamiyo ikachukua mlima polepole, na moshi wa mbugani ukawafunga pande zote, wakawa wanaenda ndani yake kama wako peke yao duniani. Wakafika mlima wa pili, na chuma kikaanza kunguruma kwa uzito.

"Unaisikia namna gani?" Placide akauliza.

Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa ameegemeza kwenye mlango, macho amefumba.

"Punguza kidogo," akasema.

Placide akapunguza.